Nani Anabisha Hodi: Historia ya Soketi za Ndani ya Mashine

Ukimuuliza fundi wa seva kwa nini programu mbili zilizo kwenye kompyuta moja zizungumze kwa soketi ya Unix badala ya kupitia anwani ya 127.0.0.1, jibu la kwanza utakalopata ni kasi. Jibu hilo ni la kweli. Ujumbe unaopita kwenye anwani hiyo hufungwa katika pakiti za TCP, hupewa namba za mfuatano na husubiri uthibitisho kwamba umepokelewa, kana kwamba unakwenda bara jingine, ilhali mtumaji na mpokeaji wanatumia kumbukumbu ya mashine moja. Soketi ya Unix haina haja ya taratibu hizo: kiini cha mfumo endeshi huzichukua baiti kwa mtumaji na kuziweka kwenye foleni ya mpokeaji, basi. Hata hivyo, jibu la kasi linaeleza sehemu ndogo tu ya historia hii. Haliwezi kueleza kwa nini jambo lililotolewa kwa umma mwaka 1983, mashine zikiwa dhaifu sana, lilikuja kuongezwa kwenye maktaba kubwa za mtandao zaidi ya miaka thelathini baadaye, wakati kasi ilikuwa imeshaacha kuwa shida ya watu wengi. Hoja yangu ni kwamba soketi ya ndani imedumu kwa sababu inajibu swali ambalo mtandao haujawahi kulijibu vizuri: anayebisha hodi ni nani? Kasi ilikuja kama nyongeza. Na gharama ya kuipata faida hiyo imewaangukia waandishi wa maktaba za upande wa mteja, kwa sababu walioibuni soketi waliunganisha njia za mazungumzo bila kuunganisha namna ya kuandika anwani.

Kabla ya soketi kulikuwa na bomba. Mwaka 1964 Doug McIlroy wa Bell Labs aliandika waraka mfupi akitaka pawe na njia ya kuunganisha programu, ili kinachotoka kwenye moja kiingie kwenye nyingine. Wazo hilo lilikaa hadi mwanzoni mwa 1973, ndipo Ken Thompson alipolitia kwenye Unix huko Murray Hill, New Jersey. Bomba lilibadilisha kabisa namna watu walivyoandika programu, lakini lilikuwa na sharti moja ambalo mara nyingi husahaulika: lilikuwa la ukoo. Halikuwa na jina. Programu mzazi hulifungua, watoto wake hulirithi, na programu isiyotoka kwa mzazi huyo haina pa kulishikia. Swali la nani anazungumza na nani lilikuwa limejibiwa kabla ya kuulizwa, maana wageni hawakuweza kuingia. Utaratibu huo ulifaa sana kwa kuchuja maandishi, ila haukufaa kwa huduma ya kudumu. Hifadhidata au huduma ya kuchapa huamka pamoja na mashine, na wateja wake huja baadaye, mmoja mmoja, kutoka kwa watumiaji tofauti wasiohusiana nayo kwa lolote.

Miaka ya 1970 watu walijaribu njia nyingi za kutoka kwenye kifungo hicho. Wataalamu wa Rand Corporation waliongeza kwenye Unix yao mabomba yenye majina. Toleo la Saba la Unix, mwaka 1979, lilikuja na mafaili maalumu ya kuchanganya njia nyingi kwenye moja, ambayo hayakudumu. AT&T nao baadaye walitoa mabomba yenye majina katika Unix yao ya kibiashara. Bomba lenye jina lilitatua nusu ya tatizo: mgeni sasa aliweza kulipata kwa kulitafuta kwenye saraka. Lakini wateja wawili wakiandika humo kwa wakati mmoja, maneno yao huingia kwenye mkondo uleule, na seva haina njia ya kumrudishia kila mmoja jibu lake. Kilichokosekana ni mazungumzo ya faragha yanayoanzia kwenye jina linalojulikana na wote.

Jibu lilitoka Berkeley, California, na lilitoka kwa sababu ya fedha za jeshi. Shirika la utafiti la wizara ya ulinzi ya Marekani, DARPA, lilitaka watafiti wake wote watumie mfumo endeshi mmoja wenye itifaki mpya za TCP na IP, na kuanzia Aprili 1980 likaifadhili timu ya Bob Fabry katika chuo kikuu cha Berkeley. Kampuni ya BBN ilikuwa imeshaandika TCP/IP ya kwanza ya Unix; Bill Joy aliichukua na kuiandika upya ili iende kwa kasi zaidi. Iliundwa pia kamati ya kuongoza kazi, wakiwemo Dennis Ritchie wa Bell Labs na Rick Rashid wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon, ambaye alikuwa akijenga mfumo uitwao Accent uliotegemea programu kutumiana ujumbe. Mwaka 1982 toleo la majaribio lenye soketi lilianza kutumika kwa watu wa karibu. Joy aliondoka mwaka huohuo kwenda kampuni changa ya Sun Microsystems, na Sam Leffler akaibeba kazi hadi 4.2BSD, Unix ya Berkeley, ilipotolewa Agosti 1983. Katika miezi kumi na minane iliyofuata, taasisi zaidi ya 1,000 zilichukua leseni ya toleo hilo.

Uamuzi wao wa msingi ndio unaonihusu hapa. Wangeweza kujenga chombo kimoja cha mtandao na kingine cha mazungumzo ya ndani, kama wengi walivyokuwa wakifanya. Badala yake walisema programu isihitaji kujua kama inayezungumza naye yuko kwenye mashine hiyohiyo au ng'ambo. Anayeandika programu huomba soketi na kutaja familia ya anwani anayoitaka: familia ya intaneti, au familia ya Unix ambayo anwani zake ni majina ya mafaili. Baada ya hapo, kufunga jina, kusikiliza, kuunganisha, kusoma na kuandika vyote hufanywa kwa amri zilezile. Waliliamini wazo hili kiasi kwamba katika 4.2BSD hata bomba la kale la Thompson liliandikwa upya kwa kutumia jozi ya soketi za ndani zilizounganishwa. Binafsi nauona uamuzi huo kuwa miongoni mwa mambo bora yaliyofanywa katika historia ya mifumo endeshi, na sababu zangu zinatokana na mambo yaliyofuata miaka mingi baadaye, ambayo wao wenyewe hawakuyaona.

Inafaa kuiangalia soketi ya ndani kwa karibu, kwa sababu tabia zake ndogondogo ndizo zilizoamua maisha yake. Seva inapojifungia jina, faili huonekana kwenye saraka. Ukiorodhesha yaliyomo, mstari wake huanza kwa herufi s, pamoja na mwenye faili, kundi lake na ruhusa zake, kama faili jingine lolote. Lakini halina maandishi ndani. Ukijaribu kulifungua kama waraka, mfumo unakataa. Jina lake lazima liwe fupi: kwenye Linux nafasi yake ni baiti 108, kwenye FreeBSD na macOS ni 104, na mafundi wengi wamekwama kwa sababu saraka zao zilikuwa na majina marefu. Tena faili hilo halifutiki seva inapokufa. Hubaki pale, na seva inapojaribu kuamka tena huambiwa kwamba anwani inatumika, ingawa hakuna anayeitumia. Kasoro hii ilielezwa tangu mwanzo katika miongozo ya BSD, na mpaka leo programu nyingi huanza kazi kwa kufuta faili la zamani. Kwa upande mwingine kuna uwezo ambao soketi ya mtandao haiwezi kuwa nao. Kiini cha mfumo kinawajua wote wawili waliounganishwa, kwa hiyo seva inaweza kukiuliza mteja huyu anaendeshwa na mtumiaji gani, na jibu haliwezi kughushiwa na mteja. Vilevile, kupitia soketi hiyo programu moja inaweza kuikabidhi nyingine kishikio cha faili ambalo tayari imelifungua, hata kama anayekabidhiwa hana ruhusa ya kulifungua mwenyewe.

Maktaba ya kwanza kubwa iliyoonyesha maana ya mpango huu ilikuwa Xlib, maktaba ya wateja wa X Window System. X ilizaliwa MIT mwaka 1984, na toleo la 11 ambalo bado lipo lilitoka Septemba 1987. Ndani yake skrini ni seva, na kila dirisha ni la mteja anayeweza kuwa kwenye mashine yoyote. Mtumiaji hutaja skrini kwa jina lenye nukta mbili. Akitanguliza jina la mashine, Xlib huunganisha kwa TCP kuanzia poti 6000. Akiacha nafasi hiyo tupu na kuandika :0, Xlib huenda kwenye faili la /tmp/.X11-unix/X0. Ujumbe unaopita ni uleule, baiti kwa baiti. Mwandishi wa programu ya saa au ya kuchora hakuhitaji kuandika mstari hata mmoja wa ziada. Huduma ya kuchapa ya Berkeley ilifuata mtindo huohuo: maombi ya hapohapo yalipita kwenye /dev/printer na ya mbali yakapita kwenye mtandao, yakipokelewa na seva ileile. Huu ndio uliokuwa ushindi wa Berkeley, na ulipatikana kwa sababu waandishi wa maktaba walikubali kubeba mzigo wa kuchagua njia ili wengine wasiubebe.

Mtu anaweza kunipinga hapa kwamba X ilikwenda kwenye soketi ya ndani kwa ajili ya kasi, na kwamba mfano wangu mwenyewe unanihukumu. Ni kweli kwamba wachoraji wa picha walihitaji kasi. Lakini tazama walichofanya walipoihitaji kweli: waliikimbia soketi. Baadaye X ilipata nyongeza iliyoruhusu mteja na seva kutumia eneo moja la kumbukumbu kwa ajili ya picha, kwa sababu hata kunakili baiti kupitia soketi ya ndani kulikuwa kuzito mno. Soketi ilibaki kuwa mahali pa kusalimiana, kuagiza na kuthibitisha. Wayland, iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008 ili ichukue nafasi ya X, imefuata mgawanyo huo hadi mwisho: picha hukaa kwenye kumbukumbu ya pamoja, na soketi ya Unix hutumika kukabidhi vishikio vya kumbukumbu hiyo pamoja na ujumbe. Wayland haina kabisa njia ya TCP. Wabunifu wake waliacha kusafiri mbali ili wapate kukabidhiana vishikio, jambo linalowezekana kwenye soketi ya ndani peke yake. Kama kasi ingekuwa ndiyo sababu kuu, soketi ingeachwa kumbukumbu ya pamoja ilipopatikana.

Tazama pia upande wa usalama wa X, kwa sababu hapo ndipo historia inapogeuka. Mwanzoni seva ya X iliamini mashine badala ya watu. Mtumiaji aliiruhusu kompyuta fulani kwa amri ya xhost, na kila aliyekuwa na akaunti kwenye kompyuta hiyo akaweza kuunganisha, kusoma vibonye vinavyobonyezwa na kupiga picha ya skrini. Katika mashine ya chuo yenye akaunti za watu wengi, hiyo ilikuwa sawa na kuacha mlango wazi. Baadaye ziliongezwa siri za kuthibitisha wateja, na hatimaye watunzaji wa mfumo walianza kuzima TCP kabisa. Toleo la 1.17 la seva ya X.Org, mwaka 2015, liliacha kusikiliza kwenye TCP isipokuwa mtumiaji ameomba. Hapa kwa kweli wapo wanaosikitika, na wana haki yao: kilichofanya X iwe ya ajabu mwaka 1987 kilikuwa ni dirisha la mashine ya mbali kuonekana mbele yako. Lakini safari hiyo haikufa, ilihamia kwa SSH, ambayo hubeba mazungumzo ya X ndani ya njia iliyofichwa. SSH yenyewe, iliyoandikwa na Tatu Ylönen huko Finland mwaka 1995, humweka wakala wake wa funguo nyuma ya soketi ya Unix: programu huomba sahihi kupitia faili ambalo mwenyewe tu anaruhusiwa kulifikia, na ufunguo wa siri hautoki.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni wa Docker. Mradi huo wa konteina ulitangazwa mwaka 2013, na seva yake mwanzoni ilisikiliza amri za HTTP kwenye 127.0.0.1, poti 4243. Anwani hiyo ilionekana salama, kwa kuwa hakuna mashine ya nje inayoweza kuifikia. Lakini ndani ya mashine yenyewe mna kivinjari, na kivinjari hutii kurasa za watu wasiojulikana. Ukurasa wowote wa tovuti ungeweza kukiagiza kivinjari kitume ombi kwenye 127.0.0.1:4243, na seva ya Docker, yenye mamlaka yote ya mfumo, isingekuwa na namna ya kujua kwamba ombi hilo halikutoka kwa mwenye kompyuta. Toleo la 0.5.2, Agosti mwaka huohuo, liliacha TCP na kuhamia kwenye faili la /var/run/docker.sock, na maelezo ya mradi yaliitaja hatari hiyo waziwazi kuwa ndiyo sababu. Kivinjari hakina njia ya kuunganisha na faili la soketi, na faili lenyewe liliwekewa ruhusa za mtawala wa mfumo na kundi maalumu. Katika uamuzi huo kasi haikutajwa kuwa hoja. Itifaki ilibaki HTTP, maombi yakabaki yaleyale; kilichobadilika ni kwamba anayebisha sasa alitambulika.

Hifadhidata zilikuwa zimefika hapo mapema, kwa njia iliyojaa mitego. Maktaba ya wateja wa MySQL ina kanuni ambayo imewachosha wanafunzi wengi: ukiandika localhost kwenye mashine ya Unix, haiendi kwenye mtandao hata kidogo, inatafuta faili la soketi, mara nyingi /tmp/mysql.sock; ukiandika 127.0.0.1, inatumia TCP. Maneno mawili ambayo kila mtu huyachukulia kuwa kitu kimoja yanaelekea kwenye milango miwili. Seva ikiwa imeweka soketi yake mahali pengine, kama Debian inavyoiweka chini ya /var/run/mysqld, mteja hupewa kosa namba 2002 na kuambiwa kwamba seva haipatikani, ilhali seva iko hai na inafanya kazi. Wengi hubadilisha localhost kuwa 127.0.0.1, mambo yakaenda, nao wasijue kamwe walichokifanya. PostgreSQL ilichagua lugha iliyo wazi zaidi: jina la mwenyeji likianza na mkwaju, maktaba yake huelewa kwamba ni saraka na hutafuta humo faili kama .s.PGSQL.5432. Kisha huja faida yenyewe. Kwa utaratibu uitwao peer, seva hukiuliza kiini cha mfumo mteja ni nani, na mtumiaji wa mfumo mwenye jina hilohilo huingia bila nenosiri. MariaDB nayo, katika toleo la 10.4 la mwaka 2019, ilifanya hivyo kwa akaunti kuu ya root pale inaposakinishwa. Nenosiri tupu la root, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa mlango wazi kwenye seva ndogondogo duniani kote, lilikosa sababu ya kuwepo.

Pingamizi zito zaidi ni la kihistoria. Linasema ninawasingizia watu wa Berkeley nia ambayo hawakuwa nayo. Ruhusa za faili la soketi hazikuheshimiwa kwenye baadhi ya mifumo ya zamani ya BSD: faili lilionyesha kwamba fulani haruhusiwi, naye akaunganisha bila shida. Viwango vya POSIX navyo havikulazimisha ruhusa hizo zifuatwe, na waandishi makini walishauriwa kulilinda faili kwa ruhusa za saraka iliyolibeba. Nalikubali hilo lote. Sidai kwamba ulinzi ndio uliokuwa lengo mwaka 1982. Ninachodai ni kwamba kwa kuliweka jina la soketi ndani ya mti wa mafaili, walilileta chini ya utawala ambao Unix ilikuwa tayari imeujenga, wenye watumiaji, makundi, wenye mali na ruhusa, na kwamba vizazi vilivyofuata viliendelea kuukaza utawala huo kwa sababu ndipo palipokuwa na faida. Linux inahitaji ruhusa ya kuandika kabla ya kumruhusu mteja aunganishe. Kazi ya kitu huweza kujulikana baada ya miaka mingi ya kutumiwa, na katika hili miaka hiyo ilionyesha njia moja tu.

Linux pia imeonyesha upande wa pili kwa bahati mbaya. Tangu toleo la 2.2, mwaka 1999, iliruhusu soketi za ndani zenye majina yasiyo kwenye mti wa mafaili. Ni rahisi kuzitumia: hakuna faili linalobaki seva inapokufa, hakuna saraka ya kuandaa. Lakini kwa kuwa hakuna faili, hakuna ruhusa za faili, na yeyote aliye kwenye eneo lilelile la mtandao wa mashine anaweza kubisha. Programu zilizozitumia bila kumhakiki mteja zimejikuta na udhaifu wa usalama. Kasi ya soketi hizi ni ileile ya zile nyingine. Kinachozitofautisha ni swali lilelile la nani.

Sasa kuhusu gharama. Berkeley waliunganisha amri lakini waliiacha anwani ikiwa muundo wa data ambao kila mwandishi lazima aujaze mwenyewe, tofauti kwa kila familia. Jina la mashine lilitafutwa kwa njia moja, jina la faili kwa njia nyingine. IPv6 ilipokuja miaka ya 1990, iliandikwa getaddrinfo, amri ya kutafuta anwani bila kujali aina ya IP, lakini majina ya mafaili hayakuingizwa humo kwa namna ambayo mwandishi anaweza kuitegemea. Matokeo ni kwamba kila maktaba ya mteja ilibuni lugha yake: nukta mbili za X, localhost ya MySQL, mkwaju wa PostgreSQL. Kwa HTTP hali ni ngumu zaidi, kwa sababu anwani ya wavuti ina nafasi ya mwenyeji na poti, kisha njia inayoanza na mkwaju. Jina la faili la soketi nalo ni njia inayoanza na mkwaju. Ukiyaweka mawili hayo pamoja, hakuna ajuaye jina la soketi linaishia wapi na jina la ukurasa linaanzia wapi.

Ndiyo maana libcurl, maktaba ya Daniel Stenberg wa Sweden iliyomo ndani ya simu, televisheni na magari, ilipopata uwezo huo katika toleo la 7.40.0, Januari 2015, iliuweka nje ya anwani kabisa. Mwandishi hutaja faili la soketi kwa chaguo lake la pekee, na anwani huandikwa kama kawaida, kwa mfano http://localhost/info. Jina localhost hapo halitafutwi popote. Lipo ili kichwa cha Host cha ombi kijazwe, kwa kuwa HTTP 1.1 inakidai. Seva ya wavuti ya Nginx ilichagua kuandika neno unix na nukta mbili ndani ya anwani; maktaba za Python zikabuni jina jipya la itifaki na kugeuza mikwaju kuwa alama za asilimia. Kati ya hizi naona njia ya libcurl ndiyo yenye heshima zaidi kwa ukweli wa mambo, kwa sababu inatenganisha maswali mawili: nipite njia gani, na namuomba nini huyo nitakayemkuta. Huduma moja ikihamishwa kutoka soketi kwenda mashine ya mbali, anwani inabaki ileile na njia peke yake ndiyo inayobadilika.

Kulikuwa na watu walioliona tatizo hili mapema. Bell Labs, walipoijenga Plan 9 mwishoni mwa miaka ya 1980, waliugeuza mtandao mzima kuwa mafaili chini ya /net na kumpa mwandishi amri moja ya kuunganisha inayopokea maandishi mafupi: itifaki, alama ya mshangao, mashine, alama ya mshangao, huduma. Mwandishi hakugusa muundo wowote wa anwani. Wapo wanaosema kwamba hii ndiyo ilikuwa njia sahihi na kwamba Berkeley waliipotosha Unix kwa kuanzisha vitu visivyofunguliwa kama mafaili. Kwa upande wa anwani nawaunga mkono. Lakini Plan 9 ilitawanywa kwa vyuo mwaka 1992, miaka tisa baada ya 4.2BSD, wakati soketi zilikuwa zimeshakuwa lugha ya kila mashine ya Unix. Urithi wake ulirudi kupitia mlango mwingine: lugha ya Go, iliyotangazwa mwaka 2009 na Rob Pike, Ken Thompson na Robert Griesemer, ina amri moja ya kuunganisha inayopokea jina la mtandao na anwani, zote kama maandishi. Andika tcp na jina la mashine, au unix na jina la faili. Maktaba yake ya HTTP inamruhusu mwandishi kubadilisha amri hiyo peke yake, na mteja wa Docker, aliyeandikwa kwa Go, huitumia nafasi hiyo.

Hata hivyo mlango unaomtambua mtu haumzuii mtu aliyeruhusiwa kufanya mabaya. Faili la docker.sock limekuwa mfano wa kutisha: anayeweza kuandika humo anaweza kuiagiza Docker ifungue konteina yenye diski nzima ya mashine ndani yake, na kwa hiyo ni mtawala wa mfumo kwa jina jingine. Watu huliingiza faili hilo ndani ya konteina ili programu ya kufuatilia hali ya huduma ifanye kazi yake, bila kutambua kwamba wamekabidhi mashine yote. Kosa hilo linatokana na kutoa ruhusa moja kubwa mahali panapohitaji ruhusa nyingi ndogo, na soketi ya TCP yenye mamlaka hayohayo ingekuwa mbaya zaidi. Lakini pingamizi hili lina uzito kwa waandishi wa maktaba: kwa kuwa maktaba imefanya iwe rahisi mno kubadilisha mtandao kuwa faili, inafaa seva ziulize zaidi ya jina la mtumiaji, zijue pia kila mtumiaji anaruhusiwa kuomba nini.

Windows ndiyo iliyokawia kuliko wote. Programu zake zilikuwa na soketi za intaneti tangu mapema miaka ya 1990, lakini kwa mazungumzo ya ndani zilitumia mabomba yenye majina ya Windows yenyewe, au 127.0.0.1 pamoja na hatari zake. Desemba 2017 Microsoft ilitangaza kwamba Windows 10 itapokea familia ya Unix, na mwaka 2018 ikawafikia watumiaji wa kawaida. Faili la soketi la Windows hufuata ruhusa za mfumo wa mafaili wa Windows. Kukabidhiana vishikio vya mafaili, uwezo ulioifanya Wayland iwezekane, hakukuwemo katika toleo hilo, na maktaba inayotegemea uwezo huo bado hulazimika kuandika njia ya pili kwa ajili ya Windows peke yake.